Chemshabongo za mafumbo: kitabu au programu ya simu?

Kuli_wa_Mkonge
Wadau habarini. Ijumaa napanda basi la Dar na hela yangu inatosha kitu kimoja tu. Nachagua kati ya kitabu cha zile chemshabongo za kriptiki, zile ambazo swali linasema hivi kumbe linataka vile, na programu ya simu ya kulipia kila mwezi. Kipi kinamfaa mtu anayeanza?

Binti_Chumbageni
Za lugha gani? Za nani? Una shilingi ngapi? Mbona umeuliza kimafumbo na wewe 😂

Mzee_wa_Raskazone
Programu, hakuna mjadala. Kitabu kinakupa jibu huko nyuma lakini hakikwambii limepatikanaje, na utamu wote uko hapo. Kila swali lina vipande viwili, kimoja ni maana ya kawaida ya jibu, hukaa mwanzo kabisa au mwisho kabisa, na kilichobaki ni mchezo wa maneno. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi. Hili nimelitunga mwenyewe sasa hivi: *Samaki kavurugwa msimu wa mvua (6)*

Binti_Chumbageni
Shikamoo mzee. Samaki gani huyo?

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba binti yangu. Samaki wala hatumtaki, tunataka herufi zake. "Kavurugwa" ndiyo ishara ya kuzipanga upya. S-A-M-A-K-I, zivuruge unapata MASIKA.

Binti_Chumbageni
Weee! 😳

Mwl_Makorora
Programu sizijui ila kwenye vitabu niwape yaliyonikuta. Nilikiona kitabu cha Kiingereza kwenye meza ya mitumba huku Ngamiani, elfu nne, jalada zuri, kimefungwa nailoni huwezi kufunua. Nafika nyumbani nachana nailoni, mwenyewe wa kwanza kashajaza kurasa zote kwa biki ya bluu. Nikasema poa, nitasoma majibu yake nijifunze. Wiki mbili niko na kamusi, jibu la namba 7 nalipindua, nalikata, nalisoma toka nyuma, mpaka mama watoto akaniuliza kama kuna mtu ananidai. Kumbe yule bwana alikuwa anachomeka neno lolote linaloenea kwenye miraba! Hakuna hata moja linaloendana na swali lake. Nikakimbilia kurasa za majibu mwishoni, zimechanwa, yamebaki meno ya karatasi kwenye gundi.

Bwagamoyo_Kwetu
Mwalimu pole 🤣🤣 Ila nyie watu wa Tanga Kiingereza cha watu mnakitakia nini, Edward Powys Mathers alipoanza kutunga haya madude kwenye gazeti la The Observer mwaka 1926 alijiita Torquemada, jina la yule mtesaji wa Hispania, sasa mtu kajitambulisha kabisa kwamba anakuja kutesa na bado mnamfuata. Kiswahili tunacho na neno moja lina maana tatu. Haya: *Mkazi wa ufukweni anaambiwa aketi (3)*

Binti_Chumbageni
KAA!! Kaa wa pwani na kaa kitako. Nimeanza kuzipata jamani

Mzee_wa_Raskazone
Na kaa la moto umelisahau jikoni.

Bwagamoyo_Kwetu
Nyingine hii: *Tua mzigo, ongeza kinachodunda, umefika mjini kwetu (8)*

Mwl_Makorora
Bagamoyo, lakini swali bovu. BWAGA na MOYO ni herufi 9. W umeitupa baharini? Ukitaka herufi itoke unatakiwa useme kwenye swali kwamba imetoka.

Bwagamoyo_Kwetu
Wenye mji wameshaimeza siku nyingi. Wapagazi wakifika pwani na pembe zao wanatua, moyo unapumzika, nani atakumbuka W.

Mwl_Makorora
Sisi tulifundishwa ni watumwa, walikuwa wanauacha moyo hapo kabla ya kupakiwa majahazini.

Bwagamoyo_Kwetu
Mtumwa gani anapewa nafasi ya kuupa mji jina? Fikiria basi

Binti_Chumbageni
Hiyo fungueni uzi wenu. Kuli, atakayetumia ni nani?

Kuli_wa_Mkonge
Samahani nilikuwa kazini. Ni ya baba mkubwa yuko Pangani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anachoka kukaa bure. Simu anatumia kitochi.

Binti_Chumbageni
KITOCHI??? Na ukatuuliza habari ya programu!

Mzee_wa_Raskazone
Hapo nimeumbuka. Basi ingia tovuti ya gazeti la The Guardian la Uingereza, wanaweka mafumbo yao na yana ukurasa wa kuchapa, peleka steshenari wakutolee maandishi makubwa.

Mwl_Makorora
Kiingereza chake hakitamtosha. Kuna ujanja wao wa neno *flower*, wewe unawaza ua, wao wanalikata liwe flow-er, kitu kinachotiririka, maana yake mto. Na mto wenyewe unakuta ni Exe. Baba mkubwa anaujua Mto Pangani, Exe atauonea wapi?

Kuli_wa_Mkonge
Kwa hiyo ninunue kitabu kipya au nichape?

Bwagamoyo_Kwetu
Kabla hatujalala: *Ndege yumo ndani ya baba Tanga (4)*

Mwl_Makorora
Kanga?

Mzee_wa_Raskazone
Kanga herufi 5 mwalimu. Na K utaitoa wapi?

Kuli_wa_Mkonge
Wakuu basi linaondoka kesho alfajiri

Binti_Chumbageni
Kuli subiri kidogo. ba-BA TA-nga. BATA!! Leta nyingine Bwagamoyo