Mchango wa Kwaresima shuleni: kiasi kisomwe mbele ya watoto, au la?

Mama wa gredi ya tano, Nyalenda, Kisumu

Naleta hoja, wazazi na walimu mnisaidie. Binti yangu yuko shule ya Kikatoliki hapa Kisumu. Tangu Jumatano ya Majivu kila darasa lina kikebe cha mchango wa maskini, na kwa hilo sina neno. Neno langu ni la Ijumaa. Njia ya Msalaba ikiisha, watoto wangali wamesimama juani, mwalimu anashika kipaza sauti na kusoma kila darasa limetoa ngapi. Darasa la mkia linatajwa, wengine wanaguna. Litakaloongoza hadi Pasaka limeahidiwa soda.

Wiki jana mtoto aligoma kwenda shule bila shilingi hamsini, maana wenzake walimwambia ndiye anayewaangusha. Nilikuwa na mia mbili ya unga na sukuma. Nikampa hamsini. Sasa hiyo sadaka ni ya nani, yake au yangu? Jumatano ya Majivu tulisomewa Mathayo 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mbona Ijumaa mikono yote miwili inatangaziwa?

Mwalimu, Kakamega

Pole mama. La soda silitetei, Kwaresima na zawadi ya soda ni vituko. Ila kusoma hesabu hadharani kuna sababu yake. Pesa za watoto zikikusanywa kimya kimya, muhula ukiisha watu huanza kuuliza zilienda wapi, na anayeulizwa ni mwalimu wa darasa. Zikisomwa, shule nzima ni shahidi.

Tena mtoto asipofundishwa kutoa akiwa mdogo, ukubwani atatoa tu pale penye kamera. Utoto Mtakatifu, chama hiki cha watoto Wakatoliki ambacho parokiani tunakiita PMC, kilianzishwa 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo hilo hilo: watoto wawasaidie watoto wenzao. Aliwaomba Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi.

Baba wa wawili, Nakuru

Mimi ni Muislamu, wanangu wanasoma shule ya umma ambayo mdhamini wake ni Kanisa Katoliki. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaingia karibu siku hiyo hiyo, kwa hiyo nyumba zetu na za majirani Wakatoliki zilikuwa na njaa moja. Mchango nilitoa kwa roho safi, sadaka naijua. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini kazi ya malezi ya kiroho huku akilinda imani za wengine. Mtoto asiyetoa, awe wa dini gani, asisimamishwe. Basi.

Mzazi, Bungoma

Nyinyi mnalilia hamsini? Kwetu kuna aliyependekeza lanchi ya Ijumaa ifutwe, pesa zipelekwe kwa wazee. Watu wakapiga makofi! Nikamuuliza padri, naye alikuwa muungwana akatueleza vizuri: sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, inawafunga kutokula nyama kuanzia miaka 14, na kufunga chakula kuanzia 18. Mtoto wa miaka kumi hadaiwi. Na tusidanganyane, kuna watoto ambao ile sahani ya githeri ya shule ndiyo chakula cha maana cha siku. Ukiifuta, unamsaidia maskini gani zaidi ya yule aliyeketi dawati la mbele?

Halafu angalieni kalenda. Kwaresima hutukuta muhula wa kwanza, karo haijaisha, na Machi huku ni mbegu na mbolea. Ghala linaelekea kuwa tupu. Anayepanga kiwango cha mchango alipange na hilo.

Mama wa gredi ya tano, Nyalenda, Kisumu

Mwalimu, nimekusikia kuhusu ushahidi, na hapo umenishika. Nami sitaki kikebe kisichohesabiwa. Lakini mfano wako wa 1843 unanipa mimi nguvu zaidi kuliko wewe. Senti moja kwa mwezi, kila mtoto sawa. Wa tajiri hawezi kumpita wa maskini, na hakuna darasa la mkia.

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo, aliyekuwa wetu hapa Kisumu hadi 2021, alirudisha pesa ambazo Rais alitoa katika kanisa la Soweto, Nairobi, ili Kanisa lisigeuzwe jukwaa la wanasiasa. Tulimshangilia sana huku. Tukiwakataza wakubwa kutoa kwa kujionyesha, tusiwafundishe wadogo kwa kipaza sauti.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi nitaomba hivi: isomwe jumla ya shule nzima, mara moja, pamoja na ilikopelekwa. Kama ni unga wa kituo cha watoto, tuambiwe magunia mangapi. Mengine ya nani katoa ngapi yabaki daftarini kwa mwalimu.

Mwalimu, Kakamega

Jumla na ilikoenda, nakubali. Daftari la majina mimi ningelitupa kabisa. Likiwepo, kuna siku mtu atalifungua.