Naomba ushauri: mavazi ya wanawake wa Unguja, 1890 hadi 1930

Habari zenu wapendwa. Nashona mavazi ya mchezo wa kuigiza wa wanafunzi wa sekondari, unaofuata familia moja ya Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja nje ya Mji Mkongwe, kuanzia bibi hadi mjukuu. Nataka nguo zenyewe zisimulie historia.

Kabla utumwa haujapigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mjakazi alijifunga merikani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) au kaniki (kitambaa cha pamba cha rangi nyeusi au buluu iliyokoza), kichwa wazi. Barakoa ya kufunika uso na marinda, yaani suruali za kike zenye mikunjo miguuni, vilikuwa vya mabibi wa tabaka la juu. Baada ya hapo wengi waliiacha kaniki kwa kuwa iliwakumbusha utumwa, wakashika kanga: kwanza za madoadoa, kisha zenye maandishi, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Halafu likaja buibui. Leo mtu anaweza kudhani kujifunika ni kupoteza uhuru, lakini kwa mwanamke aliyenyimwa stara, au aliyezaliwa na mama aliyenyimwa, naamini ilikuwa ni kuipata heshima yake. Natamani sana watazamaji walione hilo.

Sasa nimekwama kwenye buibui la mjukuu. Nalitaka lile la zamani la kufungwa kwa kamba kichwani. Nani bado anajua kulikata na kulishona? Na kaniki ya pamba, isiyong'aa, niitafute sokoni Darajani, hapa mjini Unguja, au niagize bara? Wenye bibi zao wanaokumbuka, tafadhali waulizeni pia kanga ilifungwaje siku ya harusi na siku ya msiba.