Naombeni ushauri: watoto wanatafuna vihela mpaka nakosa usingizi

Mzee wa Goba:
Wakuu, habari za usiku. Mimi na mama watoto Mungu katujalia, duka la vifaa vya ujenzi linakwenda. Tuna kijana wa miaka 12 na binti wa miaka 8. Ada nalipa bila kunung'unika. Kinachoniumiza ni hivi vihela vidogo vidogo. Leo ubuyu, kesho chips kavu, keshokutwa yule jamaa wa askrimu kapita na baiskeli yake ya muziki. Soda ndiyo usiseme. Kuna wiki niliandika kwenye daftari kila kilichotoka: kijana peke yake 31,500. Na shuleni wanampa chai na chakula cha mchana, na basi linamfuata getini! Je, mzazi mwenye uwezo kubana watoto kwenye vitu vidogo hivi ni sawa, au ni ubahili tu?

Bi Mkubwa Temeke:
Bana, baba. Umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto anayezoea soda kila siku, siku ukifilisika atakudai soda hospitalini.

Kapuku Daima:
31,500 kwa wiki, hapa Mbagala mimi nalisha nyumba. Mkuu, huhitaji mtoto mwingine? Nina miaka 34, nakula kidogo, ubuyu situmii.

Msomi Mpweke:
Matajiri wa kweli hawatapanyi. Warren Buffett mpaka leo anaishi Omaha kwenye nyumba aliyoinunua mwaka 1958.

Kapuku Daima:
Mimi pia naishi kwenye chumba kilekile tangu 2015, na utajiri sijauona.

Dereva Mstaafu:
Marehemu baba alikuwa na malori mawili ya Tunduma. Pale Magomeni tuliitwa watoto wa tajiri, ila mkononi tulipewa nauli ya mwanafunzi tu, kwenda na kurudi. Ukitaka muhogo wa kukaanga, kula nauli yako, rudi kwa miguu. Nilitembea sana kutoka Upanga kwa ajili ya vipande viwili vya muhogo na pilipili kwenye karatasi ya daftari. Siku moja mvua ikanyesha, Jangwani pakajaa maji, nikakwama upande wa mjini, nauli iko tumboni. Nilifika nyumbani saa tatu usiku nimelowa mpaka madaftari. Mzee hakunichapa. Aliniuliza tu, "Muhogo ulikuwa na chumvi?"

Nesi wa Zamu:
Hadithi nzuri baba, ila tumwulize mwenye uzi. Mkuu, kikomo umeshaweka au ndiyo unawaza kuweka?

Mzee wa Goba:
Nimeshaweka. Tangu mwezi jana kila mtoto anapata jero kwa siku, ile sarafu ya nyati, na nimewanunulia vibubu.

Nesi wa Zamu:
Sasa si umemaliza? Usingizi unakosa kwa lipi?

Mzee wa Goba:
Basi niseme. Kijana hakuacha. Alihamia kwa dada wa kazi, akawa anamkopa. Nimegundua juzi, deni limefika 47,000. Dada ameliandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya jikoni: ubuyu 500, soda 1,000, chips mayai 3,000, mpaka karatasi imejaa akahamia mwezi mwingine.

Nesi wa Zamu:
Dada unamlipa ngapi? Na hiyo hela umemrudishia?

Mzee wa Goba:
Laki na ishirini, kula na kulala kwangu. Sijamrudishia, na nina sababu. Kijana atalipa mwenyewe kutoka kwenye jero yake. Nikilipa mimi atajifunza nini? Na dada naye ana kosa lake, kwa nini hakusema mapema?

Kapuku Daima:
47,000 gawa kwa 500 ni siku 94, kama dogo hatalamba hata ubuyu mmoja. Dada atakuwa ameshaolewa na kuachika.

Bi Mkubwa Temeke:
Aseme nini, na anayemwambia "nipe" ni mtoto wa bosi? Nilisema bana mwanao, sikusema bana mtoto wa mwenzio.

Nesi wa Zamu:
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa ndani. Mkopaji ni mwanao. Mlipe leo, halafu umdai mwanao wewe.

Mzee wa Goba:
Nyie mnaongea kwa sababu hamko nyumbani kwangu. Mama watoto naye ameninunia.

Fundi Mitambo:
Wakuu, hii chai, na bado ya moto. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu alikuwa anatafuta chumba na sebule Kimara, bajeti laki moja. Leo ana geti Goba na duka la vifaa vya ujenzi. Leta na vitumbua basi.

Mzee wa Goba:
Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu.

Kapuku Daima:
Humu kila mtu ana mdogo wake. Mimi mwenyewe ni mdogo wangu.

Fundi Mitambo:
Weka picha ya kalenda tuamini.

Mzee wa Goba:
Siweki. Ina jina la dada, na kuna mambo yake mengine ameandika pale.

Nesi wa Zamu:
Chai au si chai, dada wa namna hiyo namjua, yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkuu, umemlipa?

Dereva Mstaafu:
Samahani kidogo, hicho cha Kimara kwa laki kilipatikana? Kuna kijana wangu anahangaika.

Mzee wa Goba:
Kilipatikana mzee wangu, nitakutumia namba ya dalali.

Bi Mkubwa Temeke:
Na mimi wajukuu wanakuja likizo. Kibubu umenunua wapi? Na swali la nesi hujalijibu.

Mzee wa Goba:
Keko mama, kwa mafundi seremala. Bei mtaelewana. Ila omba kisicho na kimlango chini, mpaka ukivunje ndipo hela itoke. Chenye kimlango wanafungua.