Eti "kudondosha faili moja tu"! Halafu akanifungia laptopu kwa kidole

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Chai iko hapa mezani tangu saa nne, imeota utando, sijaigusa. Yule jamaa mnamjua. Wote humu mnamjua, yule wa miwani juu ya kipara, anayeingia chumba cha seva kama anaingia chumbani kwake. Leo kanifungia laptopu. Kwa kidole kimoja! Naandika, logi (kumbukumbu za seva) iko wazi, mhasibu mkuu na mama mkurugenzi wamesimama nyuma yangu, bwana mkubwa kanyoosha kidole, kashusha kioo taratibu kama anafunika sufuria ya wali, akasema: "Hii kazi ni kudondosha faili moja tu kwenye folda. Mtoto wa fildi angemaliza kabla chapati haijageuzwa."

Kabla chapati haijageuzwa!

Makarani wetu wa Mbeya na Mwanza wanatakiwa kuifikia programu ya uhasibu iliyo kwenye Windows ya makao makuu. Zamani poti 3389, mlango wa RDP (njia ya kuiendesha Windows ukiwa mbali), ilikuwa wazi kwa dunia nzima, wezi wanagonga hodi usiku kucha. Nikasema hapana, tuweke Apache Guacamole. Karani anafungua brauza, hasimiki chochote kwenye mashine yake, seva ndiyo inayozungumza na Windows huko ndani. Na kweli, guacamole.war ni faili moja, linaingia kwenye folda ya webapps ya Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java. Lakini nyuma yake kuna programu nyingine, guacd, inasikiliza poti 4822, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote wa RDP. Bila guacd karani anapata ukurasa mzuri wa kuingilia, anaweka nywila, halafu anakodolea macho ujumbe wa kosa. Na guacd nimeijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Ukisahau maktaba za FreeRDP, zile zinazoijua lugha ya RDP, inajengeka vizuri tu, ila RDP haimo, utakuja kujua mbele ya safari. Jamaa hayo hayajui, au anayajua na kanyamaza, sijui lipi baya zaidi.

Jumatano ilifanya kazi. Karani wa Mbeya aliingia kwa simu yake, akapiga vigelegele! Alhamisi usiku nani kapandisha mfumo wa seva kutoka Debian 11 hadi 12, kafuta Tomcat 9, kaweka Tomcat 10, bila kumwambia hata mlinzi? Mnamjua. Tomcat 10 inataka majina mapya ya vifurushi vya Java, yanayoanza na jakarta, na Guacamole 1.5.5 imeandikwa kwa yale ya zamani, javax. Faili lipo, folda ipo, ukurasa 404, yaani haupatikani. Hilo ndilo nililokuwa nawaonyesha wakubwa, kosa la ClassNotFoundException (Java haioni kipande inachokitafuta) limeandikwa hapo, nimefika kwenye neno "javax", kidole hicho, puu! Giza.

Miaka kumi na moja niko kwenye kazi hii. Hata mke wangu hajawahi kunifungia laptopu.

Mkwezi Daraja la Pili: Nimeshatandika mkeka. Endelea.

Kebo Kuu: Pole sana mkuu. Huyo huyo alipita kwetu, akaondoka kaacha jina la kuingilia guacadmin na nywila guacadmin vilevile kama ilivyotoka kiwandani. Wiki nzima milango wazi. Tulipomuuliza akasema tunamwonea wivu.

Bibi Terminali: Ni yeye. Kidole kile nakijua. Kwetu alizima nacho seva ya barua pepe.

Mchele wa Kyela: Insha yote hii ya nini? Unda folda ya webapps-javaee, weka faili humo, Tomcat 10 inaligeuza yenyewe liwe la jakarta. Dakika mbili. Jamaa ana haki kidogo.

Mleta uzi: @Mchele wa Kyela NDICHO NILICHOKUWA NAANDIKA! Nilikuwa kwenye mkdir, amri ya kuunda folda! Nimefika herufi ya "r", kioo kikanibana vidole! Haki gani? Kavunja yeye, naunga mimi, halafu ananifunika kama kiporo mbele ya mama mkurugenzi!

Mchele wa Kyela: Sasa mkuu, alibana vidole au alifunga taratibu kama sufuria? Chagua moja.

Mkwezi Daraja la Pili: 😂😂😂

Kebo Kuu: Muacheni, ana uchungu.

Pwani Raha: Nyie mna bahati mnalia na 404. Kwetu fundi aliweka Nginx mbele, seva ya kupokea wageni mlangoni, akasahau mistari ya Upgrade, WebSocket (njia ya mawasiliano ya papo kwa papo) haipiti, Guacamole ikarudi kwenye HTTP ya kawaida, na proxy_buffering, inayorundika data kabla ya kuipitisha, hakuizima. Unasogeza kipanya leo, kinafika Ijumaa. Na pesa kalipwa zote, tena taslimu.

Bibi Terminali: Kipanya chenu afadhali. Sisi panya wenyewe, wa mkia, wametafuna kebo ya darini. Tawi zima kimya tangu Jumatatu.

Kebo Kuu: Bibi, mlipitisha kebo bila bomba? Panya wa Temeke wanakula mpaka saruji.

Bibi Terminali: Bomba liliandikwa kwenye risiti. Darini halipo.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Ofisini hakuna aliyesema kitu, mjue. Mhasibu aliangalia sakafu. Mama mkurugenzi akauliza tu "kwa hiyo ni faili moja?" Laptopu imefungwa, mimi nimesimama.

Mchele wa Kyela: Bibi, usiweke sumu. Panya akifia darini mtahama ofisi.

Pwani Raha: Kweli kabisa. Wa kwetu alifia juu ya meza ya bosi, upande wa darini. Tulifukiza udi mwezi mzima.

Bibi Terminali: Sasa nifanyeje?

Mkwezi Daraja la Pili: Paka. Ninaye dume hapa Mbagala, namtoa bure, uje na boksi lenye matundu.

Bibi Terminali: Anakamata kweli au analala tu?

Mkwezi Daraja la Pili: Anakamata. Ila dagaa wa Mwanza hagusi, anataka wa Kigoma.

Kebo Kuu: Wa Kigoma kilo bei gani siku hizi?