Tupeane uzoefu: vumbi jeusi kwenye rimu linatoka wapi, na lini ni dalili ya ubovu?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Mbale mpaka Kabale, karibuni. Swali linarudi kila wiki: rimu imeoshwa asubuhi, baada ya siku mbili ni nyeusi. Anayejua aeleze chanzo, namna ya kupima na dawa yake. Naomba vitu vya kufanyia kazi, si "nenda kwa fundi" tu.

Fundi Spea, Kisekka:
Vumbi lile ni mchanganyiko wa pedi ya breki iliyosagika na chuma cha diski, sahani inayobanwa na pedi hizo. Chembe za chuma hutoka zikiwa za moto, zinang'ang'ania rangi ya rimu, zikipata maji zinashika kutu. Ndiyo maana ukichelewa kuosha, sabuni ya kawaida haitoi kitu.

Magurudumu ya mbele kuwa meusi kuliko ya nyuma si ugonjwa. Ukikanyaga breki uzito wa gari unakimbilia mbele, hivyo mbele ndiko kazi kubwa ilipo. Tena magari mengi madogo ya Kijapani yana breki za ngoma nyuma, si za diski, na ngoma huficha vumbi ndani. Linganisha kushoto na kulia: rimu mbili za mbele zikiwa na weusi sawa, tulia. Moja ikizidi mwenzake waziwazi, hapo kuna kitu kimeshika.

Dereva wa Milimani:
Niongeze kuhusu barabara. Mteremko wa Kapchorwa kuelekea Mbale, au njia ya Kabale–Kisoro, ukishuka kwa breki peke yake pedi zinapata moto na kusagika haraka. Weka gia ya chini kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki lina 2, L, S au B, tumia hizo. Foleni ya Kampala nayo ni hivyohivyo: kuondoka na kusimama kila mita chache ni kula pedi.

Msichanganye na udongo mwekundu wa murramu. Ule unatoka kwa maji. Na ukikuta weusi ulio *majimaji* au wenye mafuta, hilo si vumbi la breki: angalia mpira wa ekseli uliopasuka unaorusha grisi, au mafuta ya breki yanayovuja. La pili likionekana, gari lisitembee.

Mama Gereji, Ntinda:
Kwa gurudumu moja lililozidi weusi, kaka zangu, fanyeni hivi. Endesha kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Yenye joto kali kuliko mwenzake ndiyo inayobana.

Weka kuni nyuma ya magurudumu mengine, piga jeki, weka stendi, zungusha kwa mkono. Likiwa gumu, legeza kidogo nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski. Gurudumu likiachia palepale, shinikizo lilikuwa limenaswa: mara nyingi mpira unaopitisha mafuta ya breki umevimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi. Lisipoachia, tatizo liko kwenye pistoni inayosukuma pedi au pini ambazo kalipa hutelezea. Pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene? Anza na pini.

Pini zisafishwe, zisuguliwe kutu, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya bearingi haifai kabisa, inavimbisha mipira na pini zinakwama upya. Kalipa isining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Ukifika pedi ya milimita 3, badilisha, na badilisha pande zote mbili. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Fundi Spea, Kisekka:
Dada kamaliza, nigusie aina za pedi. Zenye chuma kingi hukamata vizuri zikiwa za moto lakini huchafua. Za seramiki huchafua kidogo, na vumbi lake ni la rangi hafifu. Magari ya Kijerumani huja na pedi laini zinazosaga na diski pia, kwa hiyo weusi wake ni wa kuzaliwa nao. Pedi ya bei ya kutupa, isiyo na jina wala namba kwenye bati la nyuma yake, iacheni dukani.

Pedi mpya zizoeshwe: kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10, mara nane au kumi, ukipumzisha nusu dakika kila mara, bila kusimama kabisa.

Muosha Magari, Bweyogerere:
Rimu ipoe kwanza. Maji mengi, sabuni ya gari, brashi laini, anza ndani. Vumbi sugu linahitaji dawa ya kuondoa chuma, ile inayogeuka zambarau. Dakika chache, isikauke, suuza. Asidi ya betri au ya kusafishia choo inakula alumini na kuacha madoa yasiyotoka. Na jamani, msipulize vumbi la breki kwa kompresa. Linaingia mapafuni. Lowesha, kisha futa.

Mwanzisha mada:
Nyongeza ya pistoni za nyuma zenye breki ya mkono ndani, ukiweka pedi mpya: hazisukumwi kwa nguvu, zinarudi kwa kuzungushwa. Zisukumeni moja kwa moja na mtanunua kalipa.