Mrejesho: uchovu usioisha na kipimo cha feritini
Asanteni sana mlionijibu nilipouliza kwa nini uchovu hauishi ilhali wingi wa damu ni wa kawaida. Nilipima feritini (akiba ya madini ya chuma) kama mlivyoshauri: ilikuwa 9 ng/mL, yaani chini sana. Daktari aliandika ferasi salfeti (vidonge vya madini ya chuma) miligramu 200, kidonge kimoja kwa kuruka siku, maana kumeza kila siku hupandisha hepsidini (homoni inayozuia chuma kufyonzwa) na utumbo hufyonza chuma kidogo. Chai inywewe mbali na kidonge, angalau saa mbili.

Feritini sasa ni 41 na kizunguzungu kimekwisha. Ila kuzidiwa na uchovu kesho yake kila nikifanya kazi nzito kumebaki palepale. Hapo kinachosaidia ni kugawa kazi na kupumzika mapema, si kidonge.

Na kwa mnaopima pia tezi ya shingo kwa sababu ya uchovu: mnaotumia bayotini (vitamini B7), acheni siku mbili kabla ya kupima TSH (kipimo cha damu cha tezi hiyo), hupotosha majibu.