Nina MS, ninaishi Arua kwenye joto: nirudi kutembea au niache?

MwalimuWaArua

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Arua, nina miaka 37 na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa tano niliambiwa nina maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva ambao wengi tunauita MS tu. Kufika hapo nilikuwa nimehangaika karibu miaka miwili. Kwanza jicho la kulia liliuma kila nikiligeuza, kisha likafifia kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Nikapewa dawa ya malaria, halafu ya taifodi, halafu miwani. Baada ya wiki sita jicho likarudi lenyewe nikasahau. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi hadi kiunoni, na nikiinamisha kichwa kusahihisha madaftari, kitu kama shoti ya umeme kinashuka mgongoni. Ndipo nikapanda basi la usiku mpaka Kampala, nikapigwa picha ya MRI, na daktari wa neva akanionyesha kwa kidole madoa meupe kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo.

Habari za dawa nitaziuliza siku nyingine. Leo nauliza kuhusu kutembea.

Nimecheza netiboli tangu darasa la tano hadi chuo cha ualimu, na shuleni kwetu timu ya wasichana ni yangu. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kama kilomita mbili na nusu, na miaka yote nilikwenda kwa miguu. Kabla sijaacha, hali ilikuwa hii. Asubuhi nilitembea vizuri. Jioni saa kumi, kwa jua kali, nikifika nusu ya njia kwenye mwembe wa wauza mkaa, jicho la kulia lilikuwa likiingia ukungu na mguu wa kulia ukianza kuburuta. Kiatu cha kulia kimelika mbele, cha kushoto bado kizima. Nikikaa chini ya ule mwembe dakika ishirini nikanywa maji, jicho lilirudi, mguu ulirudi. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo.

Mama mkwe alisema huo ni mwili unaomba kupumzika. Mume wangu akakubaliana naye, na sasa kuna kijana wa boda ananichukua asubuhi na kunirudisha jioni. Daktari wa kliniki moja naye aliniambia niache mazoezi yote nitunze nguvu. Nimetii miezi mitatu. Ngazi za ofisi ya walimu ni sita tu, lakini sasa nazipanda nimeshika ukuta. Choo kimekuwa kigumu. Usiku mashavu ya miguu yanakaza mpaka naamka. Na ule uchovu walioniahidi utapungua ndio kwanza umezidi.

Basi naomba mnisaidie. Ukungu ukiingia jichoni, ndipo ninapoziharibu neva zangu zaidi? Na nyinyi mnaoishi na ugonjwa huu mahali pa joto, mnafanyaje? Mashauri mengi ninayosoma ni ya watu wa nchi za baridi wenye bwawa la kuogelea na vizibao vya barafu. Mimi nina mtungi, uwanja wa netiboli wenye vumbi, na umeme unaokatika.

DadaWaMbale

Pole mwalimu wangu. Nimesoma habari ya kiatu nikaangalia changu, nacho kimelika vilevile, ila changu ni cha kushoto.

Mimi MS ninayo mwaka wa tisa sasa. Nauza vitenge sokoni Mbale. Nilivyofundishwa mimi ni hivi: neva ina ganda lake linaloitwa myelini, kama plastiki inayofunika waya wa umeme. Ugonjwa huu ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayolishambulia lile ganda. Mahali lilipochunika, ujumbe unapita kwa kusukumana. Mwili ukipata joto kidogo tu, hata nusu ya digrii, pale pembamba panashindwa kabisa, ndipo jicho linafifia na mguu unaburuta. Ukipoa, panapitisha tena. Wewe mwenyewe umeshajijibu pale chini ya mwembe: vinarudi kila mara. Hujaharibu kitu.

Nami nilikaa kitini mwaka mzima kwa kuogopa hilo. Mapaja yakaisha. Udhaifu huo haukuletwa na MS, uliletwa na kiti, na kurudisha nguvu zile kulinichukua muda mrefu kuliko kuzipoteza.

Ninavyofanya. Alfajiri, kabla jiko halijawashwa, natembea dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Siku za joto kali nachovya miguu kwanza kwenye beseni la maji ya mtungi, mpaka chini ya magoti, nusu saa hivi, huku nachambua maharagwe au nasikiliza redio. Usidharau mtungi mwalimu, maji yake yanapoa hata umeme ukikatika siku tatu. Nakunywa vikombe viwili, naloweka leso naifunga shingoni, ndiyo naondoka. Leso ikikauka najua muda wa kurudi umefika.

Sokoni, mteja akiondoka nasimama na kukaa kwenye benchi mara kumi bila kushika kitu. Mteja mwingine akiondoka, kumi tena. Jioni nyumbani nainua pakiti ya sukari ya kilo mbili kila mkono. Haya yote ukiyafanya kwa mpigo, utalala chini. Ukiyagawa kidogo kidogo, siku inakubeba.

Jambo moja nililijifunza kwa maumivu: usijaribu kusimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba. Nilianguka barazani nikavunjika kifundo cha mkono. Siku hizi nasimama kwenye kona, kuta mbili ziko nyuma yangu na kiti kiko mbele.

FizioKampala

Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Kampala. Dada wa Mbale amesema karibu yote, nitaongeza machache.

Hicho kinachotokea kwenye jicho lako kina jina na kina historia. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia wakifanya mazoezi. Yeye aliona mazoezi tu. Kwamba chanzo ni joto la mwili kupanda kilieleweka baadaye sana, na katikati hapo wagonjwa wengi waliambiwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe kliniki: tulia, tunza nguvu. Mwaka 1996 ukachapishwa utafiti wa Marekani ambamo wagonjwa walifanya mazoezi ya mikono na miguu kwenye mashine ya kuendesha kama baiskeli, dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Pumzi yao iliongezeka, nguvu ikaongezeka, hata moyo wa huzuni ukapungua. Tangu hapo ushauri umegeuka. Siku hizi mtu mwenye MS anashauriwa kufikia dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, akipanda polepole kulingana na hali yake. Ukianza na dakika hamsini kwa wiki nzima, umeanza vizuri. Kasi iwe ile ya kuweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Sasa namna ya kutofautisha, na hili naomba ulibandike ukutani. Dalili inayokuja na joto na kuondoka ukipoa, hiyo ni joto. Dalili mpya, au ya zamani iliyorudi, ikakaa zaidi ya saa 24 bila homa, hiyo huenda ni shambulio jipya: mpigie daktari wako wa neva. Na kwa sisi tunaoishi huku kuna njia ya tatu. Homa ya malaria, au maambukizi ya njia ya mkojo, hupandisha joto na kuamsha dalili zote za zamani kwa pamoja. Mgonjwa anadhani MS imemrukia upya, kumbe ni mbu. Siku za homa usifanye mazoezi. Kapime.

Mashavu ya miguu yanayokaza usiku: simama ukitazama ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, jisukume mbele taratibu mpaka uhisi kuvutika, hesabu hadi thelathini. Mara tatu kila mguu kabla ya kulala. Yakiendelea kukaza, mwambie daktari, dawa za kulegeza zipo.

Boda usimfukuze. Mpe jioni, wewe chukua asubuhi. Kuhusu kuburuta, kuna vifaa vyepesi vya plastiki vinavyovaliwa ndani ya kiatu na kushikilia wayo usining'inie. Ukija Kampala kwa kliniki yako ya neva, omba upimwe.

MumeWaHoima

Naongea kama mume. Mke wangu alipopata ugonjwa huu nilimnyang'anya kila kitu: jembe, jerikani, hata ufagio. Nilidhani huo ndio upendo. Siku moja nilimkuta analia jikoni, akaniambia, "Umenifanya mgeni nyumbani kwangu." Tulinunua jerikani ya lita tano badala ya ile ya ishirini, akarudi kisimani asubuhi na wenzake. Mwambie mzee wako ajitokeze hapa tuongee, sisi waume nasi tuna hofu zetu.

Msomaji_Gulu

Kuna mzee huku ana mitishamba ya kuponya MS kabisa, masharti ni kuacha dawa za hospitali mwezi mmoja. Anayehitaji anitumie ujumbe.

FizioKampala

Ndugu wa Gulu, hakuna dawa inayojulikana ya kuponya MS, si ya hospitali wala ya miti. Za hospitali hupunguza mashambulio, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara ambayo hayarudi nyuma. Tafadhali usimpeleke mtu huko.

MwalimuWaArua

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Nilitaka nije na kitu cha kusema.

Majibu yenu nilimsomea mume wangu usiku uleule. Kwa mama mkwe nilikaa naye chini nikamtafsiria kwa Kilugbara, neno kwa neno, mpaka ile habari ya waya uliochunika plastiki. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake aliamka kabla yangu akajaza mtungi. Tangu siku hiyo anaujaza yeye, na mtu mwingine haruhusiwi kuugusa. MumeWaHoima, mzee wangu amesoma ulichoandika mara mbili. Ameahidi kukuandikia, ingawa yeye si mtu wa kuandika.

Asubuhi naondoka saa kumi na mbili na nusu, kwa miguu, leso shingoni. Wiki ya kwanza nilikwenda hadi kwenye mwembe tu, kijana wa boda akinisubiri pale. Wiki ya tatu nilifika shuleni. Jioni narudi na boda na sioni aibu tena.

Wiki ya nne nilianguka kabisa. Niliamka miguu haina nguvu, jicho limefifia, mikono inatetemeka, nikasema basi, nimejiua kwa ukaidi wangu. Mume wangu ndiye aliyeshika paji la uso wangu akakumbuka maneno ya Fizio. Tulikwenda kupima: malaria. Nilimaliza dozi, nikapumzika mpaka homa ikaisha, na vyote vikarudi isipokuwa uchovu, uliochukua siku kadhaa zaidi. Bila lile neno lenu ningerudi kitini, na nadhani safari hii nisingeinuka.

Wasichana wa netiboli sasa nawafundisha nikiwa kivulini, kwenye kiti kisicho na mikono. Napokea mpira nimekaa na kuurudisha kutoka kifuani, pasi hamsini kwa awamu tano. Juzi mmoja wao, mfungaji wetu, alikuja na kiti chake akakaa mbele yangu bila kuambiwa, wengine wakamfuata. Walicheza robo saa nzima wote wamekaa, na nawaambieni ukweli, niligeuka pembeni nikafuta macho.

Ngazi sita za ofisi: asubuhi sishiki ukuta. Mchana bado nashika. Usiku nalala bila kuamshwa na miguu, isipokuwa siku nikisahau kujinyoosha. Fundi viatu amenibandikia kipande cha mpira wa tairi kwenye ncha ya kiatu cha kulia.

Swali langu jipya ni la fimbo. Nimeamua niwe nayo kwa siku za mtihani ambapo nazunguka darasani masaa mengi. Kuna fundi seremala hapa yuko tayari kunichongea ya mvule lakini anataka kipimo. Ifike wapi, kwenye nyonga?

DadaWaMbale

Usitegemee nyonga, fimbo ikizidi urefu bega litapanda. Simama wima umevaa kiatu chako cha kila siku, mikono ining'inie, mtu mwingine apime kutoka ardhini hadi kwenye kifundo cha mkono, pale pa kuvalia saa. Chini afunge mpira, mvule peke yake unateleza kwenye sementi. Na uishike kwa mkono wa kushoto, mwalimu, upande wa mguu mzima. Mimi niliishika upande usio sahihi mwaka mzima kabla mtu hajaniambia.